Nyota ya Babu: Medali ya Vita Inasema Nini, na Wapi Inanyamaza

Kila ikikaribia Julai 25, Siku ya Mashujaa, simu yangu hujaa picha za medali. Zinatoka kwenye magrupu ya koo, kwa wanafunzi niliowafundisha historia miaka mingi iliyopita, na kwa watu nisiowafahamu waliopewa namba yangu huko Tukuyu au Mafinga. Picha moja ilitoka kwa mama mmoja wa Uyole niliyemfundisha sekondari. Alikuwa ameilaza nyota ya rangi ya shaba juu ya kitambaa cha kufuma, utepe wake umechakaa hadi nyuzi zinahesabika. Chini akaandika: "Shikamoo mwalimu. Hii ni ya babu mzaa baba, alikwenda Burma. Kwenye kikao cha ukoo wamesema ni nishani ya ushujaa na wanataka iandikwe kwenye kaburi lake. Ni kweli?"

Nilimwambia nitampigia, kwa sababu jibu halikutosha kwenye meseji. Haya ninayoandika hapa ndiyo niliyomweleza, na mengine niliyoyakumbuka baada ya kukata simu.

Tuanze na maneno. Medali na nishani tunayatumia kwa kubadilishana, na hilo halina madhara. Madhara yanakuja tunaposahau kwamba ziko za aina mbili. Aina ya kwanza hupewa kila askari aliyekuwa kwenye uwanja fulani wa vita katika kipindi fulani. Nitaiita medali ya kampeni. Aina ya pili hupewa mtu mmoja kwa tendo moja alilolifanya mahali fulani, siku fulani, watu wakiona. Hiyo ndiyo nishani ya ushujaa. Fikiria mahafali ya darasa la saba: cheti cha kumaliza shule hupewa kila aliyefika mwisho, lakini zawadi ya mwanafunzi bora huitwa jina moja tu. Mwenye cheti amesoma kweli, jasho lake ni lake. Ila cheti hicho hakisemi kwamba alikuwa wa kwanza.

Nyota ya Uyole ni Nyota ya Burma (Myanmar ya leo), nayo ni medali ya kampeni. Nyota zote za Vita Kuu ya Pili zilizotolewa na Waingereza zinafanana umbo: ncha sita, katikati herufi za Mfalme George wa Sita na taji, na jina la nyota limezunguka. Anayeangalia haraka anaona nyota, na nyota kwetu ni kitu cha mtu aliyeng'ara, basi anasema ushujaa. Tofauti iko kwenye maandishi na kwenye utepe. Utepe wa Nyota ya Burma una mstari mpana mwekundu katikati, na kila upande bluu iliyoiva yenye mstari wa rangi ya chungwa ndani yake. Ukiona utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati, bluu iliyoiva upande mmoja na bluu ya anga upande wa pili, hiyo ni Nyota ya Afrika, na kwa wazee wetu mara nyingi maana yake ni vita dhidi ya Waitaliano huko Abisinia, yaani Ethiopia, mwaka 1940 na 1941. Mara nyingi utakuta pia medali ya duara, nyeupe kama fedha, yenye simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili. Hiyo ni Medali ya Vita ya 1939–45, walipewa wengi mno. Kampeni ya Madagascar ya mwaka 1942 haikuwa na nyota yake peke yake, kwa hiyo mzee aliyesimulia Madagascar maisha yake yote anaweza asiwe na kitu chenye neno hilo, na hakusema uongo.

Mama wa Uyole alinyamaza kidogo kwenye simu. Nikasikia kama nimempokonya kitu. Nikamwomba asikate, kwa sababu medali ya kampeni si kitu kidogo. Inathibitisha kwamba babu alikuwapo, na kuwapo pale kulikuwa na uzito wake.

Askari wa Tanganyika walikuwa katika Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee walilifupisha hivyo kutokana na herufi KAR. Batalioni za 26 na 36 za Tanganyika zilikwenda Burma ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru begani. Katika majira ya mvua ya Burma ya mwaka 1944 divisheni hiyo ilishuka bonde la Kabaw ikiwafukuza Wajapani. Matope yalimeza magari, malaria na homa za msituni ziliangusha watu kila siku, na mizigo mingi ilidondoshwa kwa ndege kwa sababu barabara hazikupitika. Desemba mwaka huo wakavuka mto Chindwin. Kabla hata ya kufika huko, njia yenyewe iliua: Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Ceylon (Sri Lanka ya leo) ilipigwa na nyambizi ya Kijapani, wakafa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Ilizama kwa dakika chache. Mtu aliyetoka Rungwe, ambaye maji makubwa aliyoyajua ni Ziwa Nyasa, akapanda meli kwenye bahari yenye hatari kama hizo, akafika, akarudi na nyota hiyo. Kaburi lake linaweza kuandikwa "Alipigana Burma" bila wasiwasi wowote.

Sasa ushujaa wenyewe unatafutwaje?

Nishani ya ushujaa haianzii kwa mfalme. Inaanzia chini, kama ombi la kiwanja linaloanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, likapanda kata, likapanda wilaya, na kila ngazi inaweka sahihi na maoni. Afisa wa kombania aliyeona tendo, au aliyesimuliwa na walioona, aliandika fomu ya mapendekezo: namba ya askari, cheo, jina, kikosi, tarehe, mahali, na maelezo ya alichofanya. Fomu ikapanda kwa kamanda wa brigedi, divisheni, hadi juu kabisa. Njiani iliweza kukataliwa, au kupunguzwa ikawa nishani ya chini kuliko iliyoombwa. Ikipita, jina lilichapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, London Gazette. Hivyo kwa kila nishani ya ushujaa ya Vita Kuu ya Pili inategemewa kuwe na alama kwenye karatasi. Fomu nyingi zilizobaki zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, kwenye mfululizo wenye namba WO 373, na unaweza kutafuta jina kwenye tovuti yao bila kulipa. Magazeti ya London Gazette nayo yanasomeka mtandaoni bure.

Ngoja nitoe mfano mmoja unaotuhusu zaidi ya tunavyodhani. Mei 19, 1941, huko Colito, kusini mwa Ethiopia, batalioni ya 1/6 ya Keya, ambayo ni batalioni ya Tanganyika, ilivamiwa na vifaru vya Waitaliano. Sajenti Nigel Leakey, mzungu wa Kenya aliyekuwa katika batalioni hiyo, aliruka juu ya kifaru kimoja, akafungua mfuniko na kuwapiga risasi waliokuwa ndani isipokuwa dereva, kisha akafa akijaribu kuzuia kingine. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, na tangazo lilitoka Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye. Hapa kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, karatasi huchelewa. Usitafute mwaka wa tendo peke yake. La pili linaniuma kila ninapolisoma: batalioni ile ilijaa askari Waafrika, walikuwa pale pale, na vifaru vilikuwa vile vile. Hakuna askari Mwafrika wa Keya aliyepewa Msalaba wa Victoria katika vita vile. Walipewa nishani za ushujaa za chini yake: Medali ya Kijeshi (Military Medal), nishani ya Mwenendo Uliotukuka (Distinguished Conduct Medal), wengine walitajwa tu katika taarifa ya kamanda. Ili fomu ipande, alihitajika afisa wa kuiandika, na maafisa wote walikuwa wazungu. Kwa hiyo kutokuwapo kwa jina kwenye WO 373 kunathibitisha kwamba hakuna fomu iliyookoka au iliyopita, basi. Hakuthibitishi kwamba babu yako alikuwa mwoga.

Ukiwa na medali mkononi, ipeleke kwenye mwanga na uangalie ukingo wake, ile sehemu nyembamba ya pembeni kama ya sarafu. Nyota na medali za kampeni za Vita Kuu ya Pili zilizotolewa na Uingereza hazikuandikwa jina. Za ushujaa ziliandikwa: namba, cheo, jina na kikosi. Medali ya Kijeshi ina maneno FOR BRAVERY IN THE FIELD upande wa nyuma. Kama hakuna medali hiyo lakini kwenye utepe wa ile ya simba na joka kumebandikwa jani dogo la shaba, jani la mwaloni, basi mzee alitajwa katika taarifa ya kamanda, na hapo una sababu nzuri ya kwenda London Gazette. Medali za Vita Kuu ya Kwanza ni kinyume: hata zile za kampeni zilikuwa na jina ukingoni, au nyuma kama ni nyota, kwa herufi ndogo zinazofutika. Ndiyo maana nawasihi watu wasisugue medali kwa majivu na ndimu ili ing'ae kwa ajili ya picha ya msiba. Unaweza kufuta jina la mzee kwa mkono wako mwenyewe. Na wanaonunua vyuma chakavu pale Mwanjelwa wakikwambia nyota ni dhahabu, si dhahabu. Ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Kwa kilo haina thamani ya kuzungumzia.

Watu wengi wanaamini kwamba London kuna faili la kila babu, limekaa kabatini, linasubiri mjukuu. Kwa askari Waafrika wa Keya mafaili ya mtu mmoja mmoja ni nadra huko, maana kumbukumbu zao zilishikwa huku makoloni na nyingi hazikufika popote. Kilichopo kwa wingi ni shajara za vikosi. Aliyewahi kuwa mwalimu wa zamu atanielewa: daftari la zamu linaandika kwamba leo wanafunzi wamelima, mvua imenyesha, wawili wamepelekwa zahanati. Halitaji kila mtoto. Shajara ya batalioni ni hivyo hivyo. Inakwambia kombania ilikuwa kijiji gani, saa ngapi ilishambuliwa, wangapi waliumia. Maafisa wanatajwa kwa jina, askari wanatajwa kwa idadi. Za Afrika Mashariki na Abisinia ziko kwenye WO 169, za Burma kwenye WO 172, za Madagascar WO 174. Ukishajua batalioni ya babu, unaweza kufuata nyayo zake siku kwa siku hata kama jina lake halipo.

Nimesema ukishajua batalioni. Hapo ndipo familia nyingi zinakwama, kwa sababu zinaanza na jina. Jina la babu lilipita kwenye sikio la karani mgeni. Mwakalinga anaweza kuwa Makalinga, Kalinga, au Karinga. Asajile akawa Asagile. Wengi waliandikwa jina lao na la baba yao, na "bin" katikati, kwa hiyo jina la ukoo unalolitafuta halikuandikwa kabisa. Wengine walijiandikisha kwa jina la utoto, wakabatizwa baadaye na Wamoravian au Walutheri, na kijiji kikasahau la kwanza. Halafu kuna waliovuka mpaka kutafuta kazi. Watu wa Rungwe na Kyela walizoea kwenda Nyasaland (Malawi ya leo) na kwenye migodi ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), na mtu aliyejiandikishia jeshi huko anaweza kuwa kwenye batalioni za huko. Nikikuta familia imetafuta Tanganyika tu na kukata tamaa, swali langu la kwanza ni: vita vilipoanza, babu alikuwa anafanya kazi wapi?

Ufunguo ni namba ya jeshi. Jina hubadilika, namba haibadiliki. Ilikuwa kwenye kipande chake cha kumaliza jeshi, kwenye bahasha za barua, kwenye risiti za posho, wakati mwingine imechongwa kwenye kijiko au kupakwa rangi kwenye sanduku. Nenda kaulize bibi aliyebaki, shangazi, yule mjomba anayetunza makaratasi ya shamba. Uliza nani alirithi sanduku kabla hujauliza nani anaijua historia.

Na uliza vita ipi. Huku Nyanda za Juu Kusini swali hili lina miiba. Mzee wa Iringa akisema "vita ya Mjerumani" anaweza kuwa anamaanisha vita vya Wahehe, kuanzia Lugalo Agosti 17, 1891 hadi kifo cha Mkwawa mwaka 1898. Anaweza kumaanisha Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Anaweza kumaanisha vita vya 1914 hadi 1918, wakati jeshi la Jenerali Northey wa Waingereza lilipoingia kutoka Nyasaland na Rhodesia Mei 1916, likachukua Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, na kufika Iringa mwishoni mwa Agosti. Na anaweza kumaanisha vita vya Hitla. Mtu mmoja aliweza hata kuwa pande mbili: batalioni ya 6 ya Keya ilipoundwa mwaka 1917 iliwachukua askari waliokuwa wa Mjerumani. Pima kwa umri. Aliyezaliwa karibu na mwaka 1920 hakupigana na Northey, hata kama ukoo unasimulia hivyo. Huenda simulizi ni ya baba yake na imehama.

Kwa vita hivyo vya enzi ya Mjerumani karatasi ni chache na zina upendeleo. Kumbukumbu nyingi za jeshi la Wajerumani ziliteketea Potsdam ilipopigwa mabomu Aprili 1945. Inasimuliwa kwamba Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wake wa zamani mwaka 1964, waliofika Mwanza wengi hawakuwa na cheti, basi afisa wa benki akampa kila mmoja fagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Miili ilikumbuka kile ambacho makaratasi yalipoteza.

Wapagazi, hata fagio hawakupewa. Hawa ndio waliobeba risasi, unga na majeruhi, tenga-tenga kama walivyoitwa mpakani kwetu, na ndio walioipa Kariakoo jina. Walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu kati ya 116,000 na huenda hadi 350,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Ukienda kwenye makaburi ya vita pale Iringa mjini utakuta mawe yaliyotunzwa vizuri, yenye majina. Simama hapo, kisha jiulize waliobeba mizigo ya hao waliolala hapo wako wapi. Kama babu wa babu yako alikuwa mpagazi akafia njiani, kutokuwapo kwenye hifadhidata ya Tume si dosari ya ukoo wako. Hifadhidata hiyo, hata hivyo, ni bure, na kwa waliokufa Vita Kuu ya Pili ina majina mengi ya Waafrika, mara nyingi na namba ya jeshi. Itafute kabla hujaenda mbali.

Kwa Vita vya Kagera vya 1978–79 njia ni nyingine na ni fupi kuieleza: karatasi ni za JWTZ, haziko mtandaoni wala Uingereza. Namba ya jeshi bado ndiyo ufunguo, na kwa familia iliyoko kijijini pa kuanzia kuuliza ni ofisi ya Mshauri wa Mgambo wilayani, hasa kwa kuwa wengi walikwenda kama mgambo. Waliozikwa Kaboya, Muleba, wana makaburi yanayotunzwa.

Limebaki la pesa. Familia moja ninayoifahamu huku Mbeya ilimpa mtu shilingi laki mbili na medali halisi, baada ya kuwaahidi kwamba "Malkia anawalipa wenye nyota". Hakuonekana tena, na medali hakuna. Uvumi huu una mzizi wa kweli ndio maana unaaminika. Nyaraka zilizoibuka mwaka 2019 zilionyesha kwamba kiinua mgongo cha askari mzungu baada ya vita kiliweza kufika mara tatu ya cha Mwafrika aliyehudumu naye. Na mwaka 2018 Uingereza ilitangaza paundi milioni 11.8 kwa ajili ya maveterani wa Jumuiya ya Madola wenye dhiki walio hai na wajane wao. Walio hai na wajane wao, narudia. Medali yenyewe haifungui akaunti yoyote, na hakuna ofisi halali inayokutaka uikabidhi ili ikulipe. Akitaka picha, mpe picha.

Wiki tatu baada ya ile simu, mama wa Uyole alinipigia asubuhi na mapema. Alikuwa kwa shangazi yake Tukuyu, mvua inasikika kwenye bati. Sanduku la babu lilikuwa jikoni, linawekewa mahindi ya mbegu. Walikuwa wamelimwaga, wakalifuta moshi kwa kitambaa chenye maji, na ndani ya kifuniko, kwa rangi nyeupe iliyokuwa imeanza kubanduka, kulikuwa na herufi, halafu tarakimu. Ya nne haikusomeka vizuri, huenda ni 3, huenda ni 8. Alinisomea mara mbili, polepole, huku nyuma yake shangazi akiirudia kwa sauti. Nikaandika zote mbili.